Chupa ya Abdi na Gari ya Mwalimu Mulwa

Kimeu aliniomba niandike yote ninayojua kuhusu mafuta, kwa ukurasa mmoja, aubandike ukutani karibu na kompresa. Nimejaribu. Ukurasa mmoja hautoshi hata kwa majina ya watu walionifundisha, sembuse mambo yenyewe. Kwa hivyo nimenunua daftari, nimechonga penseli, na nyinyi mliobaki gereji mtasoma mkiwa mnangoja chai. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, pale Mbooni, na mwalimu wangu wa mwisho aliitwa Ndeto. Makosa ya kuandika ni yangu. Makosa ya magari nitayataja moja moja, na mengine pia ni yangu.

Siku yangu ya kwanza Emali sikuja kutengeneza gari. Nilikuja kuosha vyuma. Mzee Ndambuki, baba yake Kimeu, alikuwa na gereji ya mabati upande wa stesheni ya reli, na mafundi wake walikuwa wanakataa kuosha. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni, huyo Kioko ambaye sasa ana mvi. Mzee akanionyesha karai la mafuta ya taa, brashi, na rundo la vyuma vyeusi. Akasema nikipoteza nati moja niende nyumbani. Sikupoteza. Nilizipanga kwenye gunia kwa mstari, kila nati karibu na ndugu yake, na jioni fundi Nzioka alipokuja kuzichukua alisimama akaangalia kwa muda mrefu. Aliuliza nani amenifundisha kupanga hivyo. Nilimwambia ndivyo ninavyopanga maharagwe ya mbegu.

Nzioka ndiye aliyenifanya fundi. Hakuwa na maneno mengi na hakuwa na meno mengi pia. Kazi yake ilikuwa kabureta. Alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, anasikiliza kama daktari, halafu ananipa mimi nisikie. Mwaka wa kwanza nilisikia kelele tu. Wa pili nilianza kusikia silinda moja ikichelewa. Wa tatu alinipa kabureta nzima nifungue peke yangu, akaenda kukaa chini ya kivuli cha lori akijifanya amelala. Jicho moja lilikuwa wazi.

Sasa nije kwa chupa, maana wengi wenu mmeiona pale kabatini na hamjui ilitoka wapi.

Kulikuwa na mfanyabiashara wa mifugo anaitwa Abdi, mtu wa kutoka upande wa Garissa, ambaye alikuwa analeta mbuzi soko la Emali. Alikuwa na pikapu ya petroli na dereva wake aliitwa Muli, kijana wa Kitui, mpole, mwenye watoto wanne. Pikapu ikaanza kunywa. Petroli ya safari mbili ikawa inaisha kwa safari moja. Watu wa sokoni wakasema Muli anauza njiani. Abdi hakutaka kuamini lakini tangi halidanganyi, na alikuja gereji kumwambia Mzee Ndambuki kwamba hiyo ndiyo siku ya mwisho ya Muli. Muli alikuwa amesimama karibu na mlango wa pikapu, anatazama viatu vyake.

Mimi sikuwa na ruhusa ya kusema kitu. Nilikuwa muosha vyuma aliyepanda kidogo. Lakini nilikuwa nimeona Abdi anavyonywesha mbuzi dawa. Alikuwa na chupa ya kioo kizito, ya lita moja, yenye mistari ubavuni, ya dripu za ng'ombe. Nikamuuliza kama anaweza kuniazima. Aliniuliza nani mgonjwa. Nikasema pikapu.

Tuliiosha, tukaijaza petroli mpaka mstari wa juu, tukaifunga juu ya kabureta kwa mpira wa tyubu, bomba la tangi tukaliziba. Nikakaa na Muli mbele, Abdi nyuma pale mbuzi wanapokaa, tukashika barabara ya kwenda upande wa Kalamba. Lita moja, macho ya watu watatu, hakuna wa kuuza. Gari ilikufa kabla hatujafika mbali. Abdi aliruka chini akaangalia tulikotoka, akaangalia chupa tupu. Mimi nilizunguka nikigusa magurudumu. La nyuma kulia liliniunguza kiganja. Breki ilikuwa inashika muda wote, gari inavutwa nyuma kama punda aliyekataa.

Abdi alimwita Muli. Hakuomba msamaha kwa maneno. Alivua kofia yake, akamvalisha. Na ile chupa akaniachia, akasema mbuzi watakunywa kwa kitu kingine.

Mahali ile pikapu ilipofia nilichukua jiwe, nikalipaka chokaa, nikachora mbuzi. Baada ya kurekebisha breki tulirudia, na jiwe la pili likawa mbali sana na la kwanza. Tangu siku hiyo kila gari niliyopima ina jiwe lake barabara ya Kalamba. Sikuandika namba kwa sababu namba mtu anaweza kubishana nazo. Jiwe liko pale, nenda ulione. Taxi ya Mutuku nilichora kofia. Gari ya kasisi Mbithi nilichora kengele. Ambulensi ya kliniki sikuchora kitu, niliona haya.

Na namna ya kupima ni hii, Kimeu, uiweke ukutani kama unataka. Upepo wa matairi kwanza. Breki, inua kila gurudumu ulizungushe kwa mkono. Plagi itoke na rangi ya chai ya maziwa. Ikiwa nyeusi unachoma bure, ikiwa nyeupe utachoma pistoni. Halafu chupa mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, kwa sababu barabara ina mteremko hata ile inayoonekana bapa, na upepo una upande wake. Ya kwenda inaacha jiwe. Ya kurudi, gari nzuri inakufikisha getini. Mbaya unaisukuma, na Emali yote inakuona.

Hilo la kusukuma ndilo ninalotaka kuwaeleza, kwa sababu kesi yangu ngumu kuliko zote haikuwa lori wala matatu. Ilikuwa gari ndogo ya viti viwili isiyo na paa, na kidogo niiharibu mimi mwenyewe.

Mwalimu Mulwa wa Mbooni alikuwa amestaafu kufundisha useremala. Alinunua kwa mtu wa Nairobi aliyekata tamaa gari iliyo ndani ya masanduku. Msicheke. Kuna watu wanauza gari hivyo, fremu ya mabomba, bodi ya faibaglasi vipande vipande, na kitabu cha michoro, unajiunganishia nyumbani. Ni gari ya michezo, ya kukaa chini chini, na uzuri wake wote ni wepesi. Injini haimo kwenye masanduku. Injini unatafuta mwenyewe kutoka gari nyingine, na hapo ndipo kazi ilipo.

Alileta fremu juu ya pikapu ya kubebea kabichi. Watu wanne waliishusha bila kuweka chini hata mara moja. Nikamuuliza hiyo ni gari au kitanda. Mwalimu akacheka, lakini mkewe hakucheka. Mkewe, Mwalimu Ngina, alikuwa mkuu wa shule kule Mutomo, Kitui, na wao walikuwa wanaonana Jumamosi. Kila Jumamosi mzee alikuwa anatoka Mbooni, anapita Emali, anazunguka Kibwezi mpaka Mutomo, na Jumapili anarudi, kwa ile saluni yao nyeupe. Mama huyo alisimama katikati ya gereji na mkoba wake mkononi, akazungumza kama anayetangaza matokeo ya mtihani.

"Miaka mitatu sebule yangu imejaa faibaglasi. Mimi sitaki gari ya kukaa chini ya turubai watu waje kuipiga picha. Kama itakuja Mutomo kila Jumamosi na inywe kidogo kuliko ile nyeupe, ikae. Kama itakunywa zaidi, iuzwe na masanduku yake. Nawapa mpaka shule zifungwe."

Mwalimu Mulwa alikuwa anapangusa miwani yake ambayo haikuwa chafu. Nilijua pale pale kwamba akiipoteza hiyo gari hatajenga kitu kingine maishani.

Wakati huo Mzee Ndambuki alikuwa ameshapumzika na Kimeu ndiye mwenye gereji, na cheti chake cha chuo ukutani. Yeye alikuwa na injini ya cc elfu mbili, safi, aliyoitoa kwenye saluni iliyopinduka. Mimi nilikuwa na injini ya elfu moja na mia tatu kutoka kagari kadogo ka kubeba mikate. Kimeu alisema injini kubwa ndani ya gari nyepesi haisumbuki, inatembea nusu usingizi, na injini isiyosumbuka hainywi. Si ujinga huo. Nimeona lori ambapo ni kweli. Mimi nilisema gari hii ni nyepesi, ukiweka chuma kikubwa mbele utakuwa unachoma petroli ili injini ijibebe yenyewe.

"Mama Kioko, hii ni gari ya spoti," Kimeu alisema. "Utaweka injini ya mikate?"

"Mke wa mwenyewe amesema spoti?"

Kabla ya kuchomelea tulikubaliana kufunga kila moja kwa bolti tu, na vyuma vya pembe, tupime kwa chupa. Fremu ni moja. Ukishakata na kuchomelea viti vya injini moja, ya pili haiingii tena.

Kwanza tukapima ile saluni nyeupe, ili tujue deni letu liko wapi. Jiwe lake likaanguka karibu na tangi la maji la kijani. Nikachora kengele ya shule juu yake, kisha nikakumbuka kengele ni ya kasisi, nikaigeuza sufuria. Halafu Kimeu akafunga injini yake akaenda peke yake na chupa. Alifia kanisa la mabati, kidogo kabla ya tangi, na ya kurudi ikamfikisha getini akipiga honi. Hakusimama kusalimia mtu njiani. Akasema akibadilisha jeti za kabureta atavuka tangi, na labda ni kweli.

Yangu tulikwenda mimi na Mwalimu. Mimi lazima niende na chupa, nimekuwa nikienda nayo miaka yote, nakaa pembeni ya dereva nikiiangalia inavyoshuka. Na sanduku la spana miguuni, kwa sababu gari mpya haiaminiki. Tulifia kwa posho mill ya Wanza. Kanisa lilikuwa linaonekana mbele, na hatukulifikia.

Wanza nilimtibia mashine yake ya kusaga mara nyingi. Ilikuwa wakati wa maembe. Huku kwetu huwezi kufia mlangoni kwa mtu wakati wa maembe halafu uondoke mikono mitupu, angeona nimemdharau. Akatupa ndoo mbili, akaongeza gunia nusu, akaongeza papai kwa mke wa Mwalimu. Tukapanga nyuma ya viti na mengine nikapakata. Tukajaza chupa ya kurudi.

Ikaisha kabla ya soko. Tulisukuma. Siku ya soko, katikati ya watu, mwalimu mstaafu na bibi wa ovaroli wanasukuma kitu kinachofanana na mtumbwi wenye magurudumu, kimejaa maembe. Mtu aliuliza maembe ni bei gani. Mwalimu alimjibu kwa adabu kwamba hayauzwi.

Getini Kimeu hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Alisema tu, "Mama, chupa iliyoamua ni yako, si yangu. Jumatatu nachomelea ile kubwa." Mwalimu Mulwa alisema sawa, kwa sauti ya mtu anayeambiwa mgonjwa wake hali si nzuri. Ile kubwa pia haikuwa imefika tangi.

Nilirudi kwa kile kitabu cha michoro, sikuelewa. Nikakagua breki, hazishiki. Plagi, chai ya maziwa. Upepo, sawa. Kwa nini injini ndogo inywe kuliko kubwa? Nilikataa. Si kwa sababu ya kiburi, ingawa kiburi kilikuwepo. Sikio langu lilikuwa limeisikia ile injini na ilikuwa nzima.

Jibu nililipata kwa ng'ombe. Siku ya mnada, kabla ya Jumatatu hiyo kufika, nilikwenda kumsalimia Abdi, ambaye sasa ni mzee na kazi yake ni kukaa karibu na mizani ya mifugo akigombana na watu. Walikuwa wameingiza fahali kwenye kile kizimba cha kupimia. Mchungaji alikuwa ameingia naye, anamshika kamba, anambembeleza. Abdi akasoma mizani, akavua miwani.

"Toka humo ndani, bwana. Nauziwa fahali au nauziwa wewe?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilisimama pale na mkono mdomoni.

Miaka yote hiyo nimekaa na chupa. Kwenye lori mimi ni nini? Ni nzi. Kwenye pikapu ya mbuzi mimi ni mbuzi mmoja zaidi. Lakini hii gari watu wanne waliibeba kama kitanda. Sikuwahi kujiuliza.

Nilimwomba Abdi mizani. Tukaileta ile gari, tukaipandisha pale ng'ombe wanapopanda, na wenye ng'ombe wakatungoja wakitukana polepole. Gari na injini yangu ndogo ilikuwa kilo mia tano na ishirini, fahali wa kawaida. Halafu nikapanda mimi na sanduku langu la spana, nikarudisha na ndoo mbili na gunia nusu la maembe, ingawa mengine tulikuwa tumeshakula. Zikaongezeka kilo mia moja na tisini. Nilikuwa nimempandisha fahali ndama mgongoni, halafu nikamlaumu kwa kuchoka.

"Kumbe wewe ndiye uliyekuwa unauza mafuta njiani," Abdi aliniambia. Aliifurahia hiyo hata leo anairudia.

Nilikwenda kwa Kimeu nikamwambia mbele ya mafundi wote kwamba nimekosea, na nimekosea namna hii na namna hii. Nikamwomba asiwashe mashine ya kuchomelea. Alifikiri, akazima swichi ukutani. Huyo mtoto, nawaambia ukweli, baba yake asingezima.

Tukarudia. Ukiondoa ile safari ya Kimeu, ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake chupa kwenda bila mimi. Mwalimu ni mwembamba kama Kimeu, kwa hivyo kipimo kilikuwa cha haki. Nilimfundisha kuweka jiwe, nikampa chokaa, nikasimama getini nikiwa sina cha kushika. Alirudi mwenyewe, bila kusukuma. Jiwe lilikuwa limepita kanisa. Lakini tangi la kijani halikufikiwa. Tulikuwa tumempita Kimeu, hatujampita mama wa Mutomo.

Nikamuuliza gari ilikuwa inasemaje kwenye ule mnyoosho baada ya kanisa. Akasema inalia. Giya ya mwisho, na bado inalia kama inatafuta nyingine. Hapo nikaelewa. Kagari ka mikate kalikuwa kanabeba mzigo, kanasimama kila duka, kwa hivyo difu yake, kile kichwa cha giya katikati ya ekseli ya nyuma, ilikuwa ya nguvu na si ya mwendo. Tulikuwa tumechukua injini pamoja na difu yake. Tuliiinua, nikaweka alama za chaki, nikazungusha propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu nyuma, kwa mkono nikihesabu. Propela ilizunguka mara nne na nusu ndipo gurudumu likazunguka mara moja. Gari nyepesi haihitaji nguvu hiyo. Inahitaji propela izunguke kidogo na injini ipumzike.

Sasa hiyo difu nyingine itoke wapi? Kimeu akaanza kupiga simu Nairobi. Mimi nikakaa chini nikawapitisha kichwani, gari moja moja na wenyewe. Taxi ya Mutuku, hapana. Ya kasisi Mbithi, ilikwenda kwa chuma chakavu. Ya fundi cherehani Kavata, ilichomwa na mumewe, hilo ni jambo lingine. Halafu nikamkumbuka Kasyoki, shemasi wa Kalamba. Alikuwa na saluni ya kahawia ya kiwanda kile kile cha kagari ka mikate, ya safari ndefu, niliibadilishia beringi za nyuma mwaka wa njaa. Nilizungusha propela ile kwa mkono wangu. Tatu na nusu na kidogo.

Nilipanda boda boda mpaka Kalamba. Kasyoki alikuwa amefariki, na mkewe Kanini alikuwa yuko, na saluni ilikuwa nyuma ya nyumba, haina milango, kwa sababu kuku wanaishi ndani. Tulisalimiana, nikala muthokoi, nikasema shida yangu. Kanini hakuwa na neno juu ya difu. Shida ilikuwa kuku mmoja, mweusi, amelalia mayai kwenye sakafu ya nyuma, juu kabisa ya ile difu.

Nikasema tutambeba na kikapu chake.

"Huyo ukimgusa anayaacha," Kanini alisema. "Marehemu hakuwahi kunikataza kitu kwa hiyo gari, na mimi sitamkataza kuku. Zimebaki siku tisa."

Shule zilikuwa zinafungwa baada ya siku kumi na moja. Nilihesabu mara mbili nikiwa nimekaa pale juu ya ndoo. Ningeweza kumlilia, ni mama mwenzangu, angekubali. Lakini mayai yalikuwa yake na nafasi ilikuwa yangu. Nikasema nitangoja.

Zile siku tisa Mwalimu Mulwa alikuja gereji kila asubuhi akapangusa faibaglasi. Mimi nililegeza kila bolti ya ekseli yetu, nikaipaka grisi, nikapanga nati kwenye gunia kwa mstari. Kimeu alitengeneza gasketi mpya kwa karatasi ngumu bila kuambiwa. Siku ya tisa nilikuwa Kalamba jua likichomoza. Vifaranga walikuwa kumi na mmoja. Kanini mwenyewe aliwahamisha na mama yao kwa sanduku, na mimi nikaingia chini ya saluni ya shemasi, mgongo juu ya kinyesi cha kuku, nikaanza na bolti ya kwanza. Zilikuwa zimeshika kutu. Moja ilinichukua mpaka saa nne. Umri wangu wakati huo msiuulize.

Tuliifunga siku ya kumi. Kimeu alishika taa, akashika spana. Siku ya kumi na moja Mwalimu akaenda na chupa peke yake.

Nilingoja getini. Chupa ya kwenda, huwezi kujua. Unajua ya kurudi. Alichelewa. Alichelewa mpaka Kimeu akachukua funguo za pikapu akamtafute. Halafu tukaisikia, haikulia, inanguruma tu polepole, na ikaingia getini yenyewe, na Mwalimu akashuka akiwa na chokaa mpaka kwenye nyusi. Kwenye chupa kulikuwa na vidole viwili vya petroli vimebaki.

"Umeweka jiwe wapi?" nilimuuliza.

"Darajani, Mama Kioko. Upande wa pili."

Daraja liko mbele sana ya tangi la kijani, na upande wake wa pili hakukuwa na jiwe langu hata moja. Kwa miaka yote hakuna gari iliyovuka daraja kwa lita moja.

Jumatatu yake Kimeu akachomelea viti vya injini ya mikate. Alifanya mwenyewe, taratibu, na mshono ule ni mzuri kuliko wowote aliowahi kufanya. Ile elfu mbili aliifunga kwenye pikapu ya gereji, na inatembea nusu usingizi kama alivyosema.

Mimi nimepumzika tangu mvua zilizopita. Magoti hayataki tena kuingia chini ya gari. Chupa nimeiacha kabatini kwa sababu ni ya gereji, na yeyote atakayeitumia aandike ukutani uzito wake kwanza.

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa barazani kwangu hapa Emali nikichambua maharagwe. Gari ya viti viwili ikasimama nje. Aliyeshuka hakuwa Mwalimu Mulwa. Alikuwa mkewe, kitambaa kichwani kimefungwa kwa nguvu kwa sababu ya upepo, na miwani ya mumewe. Alisema mzee amebaki Mutomo anapaka shule rangi, na yeye sasa ndiye anayekuja Mbooni Jumamosi. Hakusema lolote juu ya mafuta. Aliuliza kama ni kweli jiwe la gari yake liko ng'ambo ya daraja.

Nikamwambia liko, aende aone. Kuna sanduku nililolichora juu yake.

"Panda unionyeshe."

Nilimweleza kwamba nina kilo tisini na mbili, mizani ya Abdi ni shahidi, na nyuma ya viti nimeona ndoo ya maembe. Hesabu itaharibika yote.

Mwalimu Ngina alichukua ile ndoo, akaniwekea magotini nilipokuwa nimeshaketi ndani ya gari.

"Leo hatupimi," alisema, akawasha.